Sabufa inavuma, inapotea au inatetemesha kabati: tafuta chanzo chumbani kwanza

Mtu akinunua sabufa kubwa na sauti ikatoka mbaya, kwanza anashika kitufe cha volyumu, kisha cha besi kwenye amplifaya, kisha anairudisha dukani. Mara nyingi mashine haina kosa lolote. Chini ya Hz 100 hivi (Hz ni mitetemo ya sauti kwa sekunde, ikiwa michache sauti ni nzito), unachokisikia kitini kinatokana na chumba kuliko spika: urefu wake, kuta zake, mahali sanduku lilipokaa na mahali ulipokaa wewe. Kwa hiyo utaratibu hapa ni mmoja kwa karibu kila dalili: sogeza kwanza, zungusha vitufe baadaye.

Mfano wangu ni sebule ambayo wengi tunaijua, iwe Dar es Salaam, Mombasa au Kampala: mita 5 kwa 4, dari ya jipsamu yenye kimo cha mita 2.8, kuta za tofali za saruji zilizopigwa plasta, sakafu ya marumaru, dirisha pana la aluminiamu la kusukuma. Aina ya ukuta ina uzito mkubwa. Maelekezo mengi yanayosambaa yametoka Marekani, ambako kuta za ndani kwa kawaida ni fremu zilizofunikwa bodi za jipsamu. Ukuta wa namna hiyo hucheza kidogo besi inapoupiga, na katika kucheza huko humeza sehemu yake. Ukuta wa tofali haumezi karibu chochote, unairudisha ndani. Ndiyo maana ushauri wa kuisukumia sabufa konani, unaowafaa wao, kwetu unaweza kuharibu kila kitu.

Kabla ya kutafuta tatizo, zima nyongeza zote: kikuza besi, mitindo ya sauti ya kwenye TV, chochote kilichowekwa na mtu mwingine bila wewe kujua. Tafuta programu ya simu inayotoa toni moja moja unayoichagua kwa Hz. Za bure ziko nyingi. Pia tafuta wimbo mmoja wa rumba au dansi wenye besi gitaa linalopanda na kushuka ngazi, unaoufahamu vizuri. Toni zicheze kwa sauti ya wastani na usiziache muda mrefu, maana toni tupu inapasha moto koili ya spika kuliko muziki.

Noti moja inavimba na kumeza nyingine

Hili ndilo lalamiko kubwa. Besi gitaa likipanda ngazi, noti mbili tatu zinatoka sawa, kisha moja inafura na kubaki ikivuma wakati mpigaji ameshahamia nyingine. Kwenye filamu, mlango ukifungwa kwa kishindo, lori likipita, bomu likilipuka, vyote vina sauti ileile.

Chanzo ni kwamba kuna masafa ambayo urefu wa chumba ni sawa na nusu ya wimbi lake. Wimbi linalokwenda ukutani na linalorudi yanasaidiana, na chumba chenyewe kinaanza kuitikia. Hesabu yake ni nyepesi. Chukua kasi ya sauti, ambayo kwa joto la nyuzi 28 ni kama mita 348 kwa sekunde, uigawanye kwa urefu wa chumba mara mbili. Mita 5 zinatoa kama Hz 35. Upana wa mita 4 unatoa kama Hz 43. Dari ya mita 2.8 inatoa Hz 62. Juu ya hapo zinajirudia kwa mara mbili: 70, 87 na kuendelea. Chumba cha mraba ndicho kigumu zaidi, kwa kuwa urefu na upana vinaangukia noti ileile na mvumo unarundikana hapohapo.

Thibitisha. Kaa kitini, anza toni kwenye Hz 30 upande taratibu hadi 90. Sauti ikiruka karibu na namba ulizopata, kosa ni la chumba. Ikiruka mahali pasipohusiana nazo hata kidogo, na ukihamisha sanduku inaruka hapohapo, basi angalia sanduku lenyewe.

Mambo mawili yanakuza mvumo huu. Sabufa iliyoko konani inaamsha mivumo yote ya chumba kwa pamoja. Na kiti kilichobanwa ukutani kinaipokea yote, kwa sababu shinikizo la wimbi ni kubwa zaidi pale ukutani. Sasa fikiria sebule zetu zilivyopangwa: sofa zimezunguka kuta zote, katikati ni meza na zulia. Kila mgeni ameketi mahali pabaya kuliko pote kwa besi. Sofa kuu ivutwe mbele. Theluthi moja ya urefu wa chumba kutoka ukuta wa nyuma ni mahali pazuri, yaani kama mita 1.7 kwenye sebule yetu, lakini hata nusu mita utaisikia tofauti yake. Ninajua kwamba katika nyumba nyingi jambo hili linahitaji mazungumzo na wenye nyumba wengine. Lifanye, kwa sababu hakuna kifaa cha kununua kinachofanya kazi kubwa kama hiyo.

Kisha itafutie sabufa mahali pake kwa njia inayoonekana ya kitoto lakini ambayo mafundi wa sauti wanaitumia. Ondoa mto wa sofa, weka sabufa hapohapo unapokaa, au sakafuni mbele yake kama ni nzito. Piga ule wimbo wa besi gitaa urudie rudie. Wewe piga magoti, tembea kwa mikono na miguu kando ya kuta, sikio likiwa chini karibu na kimo cha sanduku. Utashangaa: hatua moja besi imefura, hatua inayofuata imepotea, mbele kidogo kila noti imesimama sawa na mwenzake. Hapo kila noti inaposimama sawa, weka alama kwa gundi ya karatasi. Ndipo sabufa inapotakiwa kukaa, kwa sababu njia ya sauti kutoka kiti hadi kwenye alama ni ileile kutoka kwenye alama hadi kiti. Tafuta alama mbili au tatu, maana mojawapo itakuwa mlangoni.

Trei za mayai na sponji za ukutani ziache. Wimbi la Hz 40 lina urefu wa karibu mita 9, na sponji ya sentimita 5 kwake haipo. Inachofanya ni kumeza sauti za juu, kwa hiyo besi iliyokuwa nzito inazidi kuonekana nzito. Zulia na mapazia mazito vinafaa kwa mwangwi wa mazungumzo juu ya marumaru, vitumie kwa hilo.

Ukishasogeza vyote na noti moja bado inasimama juu, hapo ndipo EQ inapoingia, yaani kirekebishi kinachopandisha au kushusha masafa unayoyachagua. Ipunguze noti hiyo peke yake, kwa mkato mwembamba, mpaka ikae sawa na jirani zake. Kupunguza kilima ni salama. Kujaza bonde ni habari nyingine, tunaifikia sasa.

Kitini hakuna kitu, mlangoni inatikisa

Ukisimama kwenda jikoni, ukipita mlangoni besi inakupiga kifuani. Ukirudi kukaa, imekwisha. Sukuma maji kwenye beseni uone: pembeni yanapanda na kushuka, katikati yametulia. Ndivyo wimbi la Hz 35 linavyokaa kwenye sebule ya mita 5, na aliyekaa katikati kabisa ya urefu huo amekaa mahali ambapo noti hiyo haipo.

Kuongeza volyumu hakusaidii, kwa sababu mawimbi yanayofutana yanaongezeka yote mawili kwa pamoja. Kuipandisha noti hiyo kwa EQ kunaifanya amplifaya itoe nguvu nyingi inayoishia kufutika, na koni ya spika inafika mwisho wa mwendo wake bure. Sogeza kiti, au sogeza sabufa.

Kabla hujasogeza, tenganisha chanzo hiki na kingine kinachofanana nacho. Chomoa nyaya za spika za mbele, acha sabufa ipige peke yake. Kama besi ya kitini imeongezeka baada ya spika kutoka, basi sabufa na spika zilikuwa zinavutana na tiba yake iko kwenye fezi (kuzifanya zisukume hewa kwa wakati mmoja), katika sehemu inayofuata. Kama haikubadilika, ni bonde la chumba.

Kuna vyumba ambavyo hakuna mahali pamoja panapotosheleza viti vyote. Hapo dawa halisi ni sabufa ya pili, hata ikiwa zote mbili ni ndogo. Todd Welti, mtafiti wa kampuni ya vifaa vya sauti ya Harman, aliwasilisha utafiti wake juu ya jambo hili mwaka 2002, na mojawapo ya matokeo ni kwamba sabufa mbili zilizowekwa katikati ya kuta zinazotazamana zinasawazisha viti vizuri. Kati ya sabufa moja ya inchi 15 na mbili za inchi 10, kwa familia inayokaa viti vinne vitano ningechukua mbili bila kusita.

Besi iko chini, sauti ziko juu, katikati pana tundu

Ngoma inasikika, mazungumzo yanasikika, lakini sauti nzito ya mwanamume imekonda na besi gitaa linapotea likipanda. Anza na nyaya: nyekundu kwa nyekundu, nyeusi kwa nyeusi, kwenye kila spika. Spika moja iliyogeuzwa inatosha kuharibu.

Kisha tazama krosova, yaani mpaka ambapo spika zinakabidhi kazi kwa sabufa. Hz 80 ndiyo inayopendekezwa na THX, kampuni inayoweka viwango vya sauti za sinema, na inafaa kwa spika za rafu za ukubwa wa kawaida. Vispika vidogo vya seti zinazouzwa pamoja na sabufa yake haviwezi kufika huko chini. Vinahitaji 120 au hata 150. Ukiviwekea 80 unaacha tundu kati yao na sabufa. Ukipandisha mno, unapata dalili ya kinyume: mtangazaji wa habari anaongea kutoka nyuma ya kochi, maana juu ya Hz 120 hivi sikio linaanza kujua sabufa iko wapi.

Kosa jingine linafichika kwa urahisi. Sabufa ina kitufe chake cha krosova na amplifaya ina krosova yake kwenye menyu. Zote mbili zikiwa zimewekwa 80, sauti inakatwa mara mbili. Kama amplifaya ndiyo inayogawa, kitufe cha sabufa kizungushwe hadi mwisho wa juu, au uchomeke kwenye tundu lililoandikwa LFE.

Sasa fezi. Rudisha spika zote, cheza toni iliyo sawa na krosova yako, tuseme Hz 80, kaa kitini. Mwambie mtu aliyeko karibu na sabufa abadilishe swichi kutoka 0 kwenda 180, au azungushe taratibu kama ni kitufe. Mahali sauti inapokuwa kubwa zaidi kitini ndipo sabufa na spika zinaposukuma pamoja. Usikilize kutoka kitini, kwa sababu anayezungusha anasikia kitu tofauti na wewe. Amplifaya zenye menyu ya umbali zinafanya kazi hiyohiyo kwa usahihi zaidi: kila sentimita 34 hivi ni milisekunde moja. Na ikitokea amplifaya imejipima yenyewe ikaandika sabufa iko mita 5 wakati futi kamba inasema 3, iache. Vifaa vya ndani ya sabufa huchelewesha sauti, na mashine imehesabu ucheleweshaji huo kama umbali.

Muziki una besi, filamu haina. Au filamu inayo, muziki hauna

Hili karibu kila mara ni la menyu. Filamu isiyo na besi: TV yako inatuma sauti ya njia mbili tu, PCM, na katika kuzikunja njia zote kuwa mbili ile njia ya besi ya filamu kwa kawaida hutupwa. Ingia mipangilio ya sauti ya TV au king'amuzi, chagua sauti itoke bila kubadilishwa, amplifaya yenyewe iichambue. Muziki usio na besi: amplifaya imeambiwa spika za mbele ni kubwa, kwa hiyo haipeleki chochote kwa sabufa. Iambie ni ndogo. Usione haya hata kama spika zako zimesimama kimo cha mtoto wa darasa la kwanza, neno hilo halipimi ukubwa wa sanduku. Tazama pia kama hujabonyeza ile hali ya kupitisha sauti moja kwa moja, ambayo kwenye amplifaya nyingi inazima sabufa.

Kitu kinatetema lakini hujui ni kipi

Watu wengi hudhani spika imepasuka. Cheza toni kutoka Hz 25 kwenda 100 taratibu sana, na mtetemo ukitokea simamisha hapohapo. Sasa zunguka na kiganja. Kiweke kwenye kioo cha dirisha la kusukuma: ukisikia kelele inakufa chini ya mkono, umempata. Kisha kabati la vyombo, ambamo glasi mbili zimegusana. Zitenganishe kwa upana wa kidole na kelele inakwisha. Kisha fremu za picha, bamba la TV ukutani, kifuniko cha taa, rimoti juu ya meza ya kioo. Dari ya jipsamu ina skrubu zinazolegea. Bonyeza kwa mpini wa fagio sehemu mbalimbali mpaka inyamaze, weka alama, fundi aje akaze. Nyumba isiyo na dari, bati linatetema pale msumari ulipopoteza mpira wake.

Sanduku lenyewe likitembea juu ya marumaru, kata soli ya kandambili kuukuu vipande vinne, weka chini ya miguu yake. Vinafanya kazi vizuri kabisa.

Mvumo usiokoma hata filamu ikisimama

Umeme wetu wa Afrika Mashariki ni wa Hz 50, na mvumo huo ndio huo, au maradufu yake ya 100. Punguza volyumu, chomoa waya wa sauti kutoka nyuma ya sabufa, iache imewaka. Ikiendelea kuvuma, tatizo liko ndani yake, mpelekee fundi. Ikinyamaza, rudisha waya kisha nenda kwenye king'amuzi ukachomoe waya wa dishi. Mara nyingi mvumo unakatika palepale, kwa sababu dishi limegusa ardhi kwa njia yake huko nje na sabufa au amplifaya imegusa ardhi kwa plagi, na kati ya ardhi hizo mbili unapita mkondo mdogo kupitia nyaya zako za sauti. Weka kitenganishi cha mvumo (ground loop isolator) kwenye waya wa sauti unaoingia sabufa, na vifaa vyote vya sauti vichomekwe kwenye soketi moja. Waya wa sauti usilale sambamba na waya wa umeme. Vikikutana vikatane kwa pembe.

Kuna wanaokata pini ya ethi ili mvumo uishe. Usifanye hivyo wala usimruhusu fundi akufanyie. Siku waya wa ndani utakapogusa bati la kifaa, pini ile ndiyo inayozuia mtu kupigwa na umeme.

Inajizima katikati ya filamu

Swichi iko AUTO na sauti inayoifikia ni ndogo mno kuiamsha. Punguza volyumu kwenye sabufa na upandishe kiwango cha sabufa kwenye menyu ya amplifaya, ili mawimbi yanayokuja yawe na nguvu. Au iache ON na uizime mwenyewe.

Pumzi, mikwaruzo, kugonga

Sauti ya kupuliza ni hewa inayokimbia kwenye tundu la sanduku. Kama tundu liko nyuma, liachie sentimita 20 au 30 kutoka ukutani na usiache pazia liingie. Kugonga kama kijiti ni koni iliyofika mwisho wa mwendo: sabufa zenye tundu hupoteza udhibiti wa koni chini ya masafa zilizotengenezewa, na filamu zina sauti za chini kuliko muziki wowote. Punguza volyumu mara moja, kugonga huko kunararua koili. Baadhi zinakuja na kizibo cha sponji, kinasaidia.

Usiku, sauti ikiwa ndogo, besi inatoweka

Hili ni sikio. Watafiti Fletcher na Munson waliliandika mwaka 1933: kadiri sauti inavyopungua, ndivyo sikio linavyopoteza besi haraka kuliko sauti za kati. Amplifaya nyingi zina kifidia cha hali hiyo, kiwashe usiku tu. Kwenye fleti, kumbuka kwamba ukuta unaozuia mazungumzo yako hauzuii Hz 40.

Amplifaya imejipima yenyewe na matokeo ni mabaya

Maikrofoni iliwekwa wapi? Ikilala kwenye mto wa sofa inasikia sofa. Iwe kwenye stendi, kimo cha sikio, mbali na egemeo la kiti, feni na friji zimezimwa, nawe umetoka njiani. Pima sehemu kadhaa zinazozunguka kiti kikuu. Ikimaliza, tazama kiwango ilichoipa sabufa: kikiwa kimegota kwenye desibeli -12 au popote menyu inapoishia, volyumu ya nyuma ya sabufa iko juu mno na mashine imeshindwa kuishusha. Punguza kwa mkono, pima upya. Baada ya hapo ukitaka besi ya ziada ongeza desibeli 2 au 3 kwenye menyu.

Anayetaka kuona kwa macho apakue REW, programu ya bure ya John Mulcahy, atafute maikrofoni ya kupimia kama UMIK-1 inayochomekwa USB. Maikrofoni ya simu inatosha kulinganisha mahali na mahali, ila huko chini kabisa inapungukiwa. Pima Hz 20 hadi 200 kutoka kitini, sogeza sanduku nusu mita, pima tena, uweke michoro juu ya mwenzake. Vilima vikihama au kushuka, endelea kusogeza. Visipotikisika tena, hapo shika EQ, na kila badiliko la sofa au kabati kubwa likitokea sebuleni, upimaji urudiwe.